Kinyozi Aliyeacha Kichwa Nusu

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watoto wanaotoka shule humwita Nusu Kichwa. Wazee nao humwita hivyo, ila wao hushusha sauti kidogo. Mke wake humwita hivyo akiwa na hasira, na siku nyingine akiwa na furaha, na inabidi umtazame usoni ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Mwenyewe ameacha kukasirika.

"Jina hilo sikupewa na mtu," husema. "Nililinyoa mwenyewe, kwa mashine yangu."

Ni kinyozi. Zaidi ya nusu ya umri wake amekuwa akinyoa katika chumba kimoja chenye mlango wa chuma wa kijani, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na kiti cha kuzunguka ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Ukuta wa kushoto wa chumba hicho ndio ukuta wa kulia wa saluni ya mke wake, ambaye ni msusi. Kwa miaka mingi wawili hao walisemezana kwa kugonga ukuta. Kugonga mara moja, chai iko tayari. Mara mbili, njoo umchukue mtoto. Kugonga mfululizo kama mvua ya mawe, mama mwenye nyumba amefika.

Kamari iliingia kwa simu, bila kugonga. Alianza kwa kubashiri mechi moja moja, kisha akahamia kwenye mkeka, yaani mechi nyingi zinazofungwa pamoja kwa dau moja, ambapo timu moja ikiharibu yote yameharibika. Alikuwa na imani na jicho lake. Kinyozi mzuri humtazama mtu anapoingia mlangoni, akajua kichwa kina kovu wapi na nywele zinaota kuelekea upande gani. Akaona kwamba jicho hilo linaweza kusoma na timu. Mwisho akawa anabashiri ligi za nchi ambazo asingeweza kuzionyesha kwenye ramani, michezo ambayo hajawahi kuiona ikichezwa, saa za kazi, mashine ikiwa mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto.

Siku iliyompa jina, kwenye kiti alikuwa ameketi bwana harusi. Harusi yake ilikuwa jioni hiyo. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekamilika, umechongwa hadi sikioni kwa mstari ambao hata fundi seremala angeuhusudu. Simu ikatetemeka. Mechi ya mwisho ya mkeka ilikuwa imeingia dakika za nyongeza, na duka la mkabala lilikuwa na televisheni.

"Nakuja sasa hivi," kinyozi akasema, akaweka mashine juu ya kopo la poda, akavuka barabara.

Bwana harusi alingoja. Akajitazama kwenye kioo upande wa kulia, akajitazama upande wa kushoto. Akaanza kugonga ukuta, maana alikuwa amewahi kuwaona wenyewe wakifanya hivyo. Aligonga mfululizo. Msusi akaja mbio akidhani ni mama mwenye nyumba, akakuta mtu mwenye vichwa viwili ndani ya shuka moja.

Ni yeye aliyeshika mashine na kumalizia. Hakuwa amewahi kunyoa mwanamume, lakini mkono unaoweza kugawanya nywele kwa ncha ya kitana hauogopi mashine. Bwana harusi alifika kwenye harusi yake akiwa amependeza, na huko akasimulia kila kitu, kwa maikrofoni. Kinyozi aliporudi kutoka ng'ambo ya barabara, mkeka ukiwa umechanika, alikuta mlango wa kijani umefungwa kufuli na ufunguo ukining'inia shingoni mwa mke wake.

"Mama watoto, naapa, hii ilikuwa ya mwisho."

"Umeapa kwa mama yako. Umeapa kwa watoto. Umefuta hiyo programu kwenye simu, ukairudisha. Ukampa kaka yako simu, ukaenda kuichukua ukisema unampigia mgonjwa." Hakupaza sauti. "Kinyozi hajinyoi, baba. Kila ukijinyoa umejikata. Safari hii utafute wa kukunyoa."

Tangu siku hiyo alinyolea kwenye kona ya saluni ya mke wake, katikati ya wanawake, kwenye kiti cha plastiki na kwa mashine ya kuazima. Wateja wake wa zamani hawakumfuata huko. Nani anataka kunyolewa ndevu huku mama mkwe wake anasukwa pembeni? Alibaki na watoto wadogo walioletwa na mama zao, wale wanaolia mashine ikiwashwa. Akawa na sharti moja la kutimiza kabla ya kuuona tena ufunguo ule: aende kwenye ushauri nasaha, amalize vikao vyote, na katika muda huo asiguse kamari ya aina yoyote.

"Ya aina yoyote," mke wake alirudia. "Sitaki kusikia hata dau la karanga."

*

Vikao hivyo hufanyika kituo cha afya, kila Jumanne alasiri, katika chumba ambacho asubuhi hutumika kupima watoto uzito. Mizani bado inaning'inia darini ikiwa na kikapu chake cha kitambaa, na ukutani kuna picha ya mtoto mnene anayecheka. Watu wazima waliopoteza mashamba, ndoa na usingizi huketi chini ya picha hiyo na kueleza habari zao. Mshauri ni mwanamke kijana mwenye viatu vya raba na tabia ya kuacha kimya kikae muda mrefu kuliko watu walivyozoea.

Kinyozi alifika akiwa amejiandaa kwa mahubiri.

"Nimekuja kuambiwa kamari ni mbaya," alisema alipoketi. "Tuanze, dada, nina watoto wa kunyoa."

"Kwani hiyo habari hujaisikia?"

"Naijua kuliko wewe."

"Basi tuiache. Niambie kitu nisichokijua mimi. Hamu ya kucheza ikikujia, inaanzia wapi mwilini?"

Alidhani anataniwa. Lakini dada yule alikuwa ametulia, anangoja, na kile kimya chake kilikuwa kimeanza kazi. Kinyozi akatazama mikono yake kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Hapa," akasema mwishowe, akishangaa. "Kidole gumba. Kinakuwa kama kinawasha."

"Na kinawasha saa ngapi?"

Hilo lilimchukua wiki nzima kulijibu. Aligundua kwamba mashine ikiwa inanguruma, kidole hakiwashi. Mashine ikizimwa ndipo kinawasha, mteja akiondoka na mwingine hajaja, kile kipande cha muda ambacho kinyozi hana la kufanya ila kujitazama kwenye kioo. Mshauri hakumwambia ajikaze. Alimuuliza ni kazi gani ya mkono inaweza kuingia katika kipande hicho. Kuanzia hapo, kila mteja alipotoka, kinyozi alisuuza vitana kwa spiriti, akatia mashine mafuta, akafua taulo. Vitana vya saluni ile vikawa safi kuliko sahani za nyumbani. Wanawake waliokuja kusukwa walianza kumletea na vya kwao.

"Baba, nisafishie na hiki, maana naona leo umewashwa," mmoja alimwambia, na saluni nzima ikacheka, naye akacheka, akakisafisha.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Vikao viwili vya mwanzo alitoka akiwa na hasira, na kimoja alikaa bila kufungua mdomo. Mke wake, ambaye haamini dawa asiyoijua chupa yake, alimsindikiza mara moja na kumbana mshauri mlangoni.

"Dada, niambie ukweli. Hii inaponya?"

"Wapo wanaoacha kabisa. Wapo wanaoteleza, wakarudi," mshauri akajibu. "Anayeteleza akasema siku ile ile, huyo nina matumaini naye. Anayeteleza akanyamaza, huyo hunikosesha raha."

"Mimi nataka asiyeteleza."

"Hata mimi, mama. Ukimpata wa hivyo, niletee nimwone."

Kundi lao lilikuwa dogo. Alikuwepo mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa maisha yake yote alifundisha vijana kwamba sarafu haina kumbukumbu, yaani haijui jana iliangukia upande gani, kisha akastaafu na kuanza kuzikumbusha sarafu yaliyopita. Alikuwepo dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, ambaye hubashiri akiwa njiani, kila anaposimama kupumzisha injini. Wengine walikuja na kuondoka, lakini hawa watatu walishika Jumanne zao kama watu wanaodaiwa.

Siku moja kinyozi alikuwa akisimulia mkeka wake uliokaribia. Timu zote zilimtii isipokuwa moja. Alisimulia kwa fahari, kama mvuvi anayeonyesha kwa mikono ukubwa wa samaki aliyetoroka.

"Nilikuwa karibu sana," alisema. "Kidogo tu."

"Hebu niambie," mshauri akasema. "Mteja akija, ukamnyoa vizuri kabisa upande mmoja, wa pili ukauacha. Umefanya kazi nzuri kwa kiasi gani?"

Mshauri hakujua alichogusa. Alikuwa mgeni wa mtaa ule, hakuwahi kusikia habari za bwana harusi. Dereva ndiye aliyeanza, akajikunja kwa kicheko mpaka benchi likatikisika. Mwalimu akavua miwani akafuta machozi. Kinyozi alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mizani asianguke. Walipomweleza mshauri, naye akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Tangu kikao hicho kinyozi hakusimulia tena mkeka uliokaribia, na anasema ni kwa sababu kila akianza, anamwona yule bwana harusi kwenye kioo.

Nyumbani mambo yalianza kulegea, kama fundo lililolowekwa maji. Kinyozi alianza tena kusikia yale watu waliyokuwa wakimwambia. Binti yake alimsimulia jambo la shuleni, naye akauliza swali lililohusiana na jambo hilo, binti akamtazama kwa mashaka. Mke wake alirudia desturi yake ya kuimba chini chini akisuka, desturi ambayo hakuna aliyegundua kwamba ilikuwa imekoma mpaka iliporudi.

Halafu mama mwenye nyumba akaja, bila kugongewa ukuta.

"Chumba kikifungwa sana kinaota panya," alisema. "Yupo muuza makava ya simu anakitaka. Mwanangu, niambie mpaka Jumamosi, mnakifungua au mnaniachia?"

"Jumanne anamaliza vikao vyake," msusi akajibu. "Jumamosi nitakupa jibu, mama."

Aligusa ufunguo shingoni alipokuwa akisema hivyo. Kinyozi aliona.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye benchi la nje ya chumba cha mizani, wiki kadhaa kabla. Mshauri alikuwa amechelewa na watatu hawa walikuwa wakingoja. Kungoja ni kipande cha muda kisicho na kazi, na pale hapakuwa na vitana vya kusafisha.

"Kwa hesabu za kawaida," mwalimu alisema, akitazama miti, "katika watu watatu, mmoja ataanguka kabla ya mwisho."

"Atakuwa wewe, mwalimu," dereva akasema. "Unajua mno."

"Mimi namwona kinyozi. Kidole chake hakijastaafu."

"Ninyi wote mnaota," kinyozi akasema. "Ni dereva. Mtu anayelala barabarani ataachaje?"

"Unasema kweli?" dereva akauliza.

"Naweka soda," kinyozi akajibu.

"Soda baridi?"

"Baridi."

Wakapeana mikono, wote watatu. Mama mmoja muuza mitumba, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi, aliwatazama akatikisa kichwa, akasema, "Mimi simo." Walidhani anasema hapendi soda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kilichofanyika pale. Walikuwa wameacha kubeti. Walikuwa wakingoja kikao cha watu walioacha kubeti. Na katika kungoja huko wakabeti juu ya nani atarudi kubeti.

Jumanne ya mwisho dereva aliingia akiwa wa kwanza. Hakusalimu. Wote walipoketi, alisema kabla ya kuulizwa.

"Nimecheza." Ile sauti yake ndogo ilikuwa imepungua zaidi. "Juzi. Lori liliharibika njiani, nikangoja fundi kutwa nzima. Nilicheza mpaka chaji ikaisha. Nisingekuja leo, lakini nikasema wacha..."

"Soda yangu!" kinyozi akasema, na mkono wake ukapiga benchi.

Alikuwa amesema kwa sauti ya furaha. Hilo ndilo analolirudia mpaka leo akisimulia: kwamba ilikuwa furaha, safi, ile ile ya goli la dakika za mwisho. Kisha akauona uso wa dereva.

Mtoto mnene aliendelea kucheka ukutani. Mwalimu alivua miwani, akairudisha.

"Soda ya nini?" mshauri akauliza.

Mwalimu ndiye aliyeeleza, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yake. Alianza vizuri, kwa mpangilio, nani alimtaja nani na kwa masharti gani. Katikati ya sentensi alijisikia mwenyewe, sauti ikaanza kupungua mwendo, na neno la mwisho, "dau", alilisema kama mtu anayetema mbegu.

Mshauri hakukemea. Aliacha kimya kikae. Kisha akamgeukia kinyozi.

"Ulipopeana mkono pale nje, kidole kilifanya nini?"

Kinyozi alikitazama. "Kiliwasha," akasema. "Kidogo. Nikajiambia ni soda tu. Na kila Jumanne tangu siku ile, akiingia dereva, namtazama kama amechoka. Namtazama kama... nilikuwa natamani aanguke, dada. Mtu ninayekaa naye benchi moja."

Dereva aliinama akitazama viatu vyake vikubwa.

"Nitakulipa soda yako, Nusu Kichwa," alisema. "Ila uinywe hapa, mbele yangu, ukinitazama."

"Sitaki soda."

"Hata mimi nilikuwa nimemchagua mwalimu," dereva akasema, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Kwa hiyo nimeanguka mara mbili, na soda nimekosa."

Mwalimu ndiye aliyeguna kwanza. Hakuna aliyecheka kwa nguvu kama siku ile ya bwana harusi, lakini walicheka, dereva akiwemo, na mshauri akamrudisha dereva kwenye habari yake ya lori, taratibu, tangu injini ilipozima. Waliisikiliza yote. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumanne ya mwisho ya kinyozi, ile aliyotarajia kupongezwa.

Walitoka pamoja, yeye na dereva, mpaka njia panda.

"Mke wangu alisema hata dau la karanga," kinyozi akasema. "Jumamosi ndiyo chumba kinaamuliwa. Yaliyosemwa ndani hayatoki nje, ndiyo sheria ya pale. Mshauri hawezi kumwambia. Wewe huwezi."

"Siwezi," dereva akakubali.

"Na ilikuwa soda tu. Tena haijanywewa."

"Bwana, mimi nimeshasema langu." Dereva alipandisha suruali yake. "Nilipokuwa nakuja, miguu ilikuwa inagoma. Sasa hivi nasikia njaa. Sijasikia njaa tangu juzi." Akampiga kofi begani, akakata kushoto.

*

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, mama mnene mchangamfu, kichwa kimesukwa upande mmoja na upande wa pili umesimama kama kichaka. Msusi alikuwa ameinamia mstari wa katikati, kitana mdomoni.

"Mama watoto, nina neno."

"Linaweza kungoja?"

"Likingoja litaoza."

"Msinijali mimi," mteja akasema. "Nikisukwa huwa sina masikio."

Kinyozi alisema akiwa amesimama. Alisema juu ya benchi na soda, juu ya kupeana mikono, kisha juu ya dereva na ile furaha. Hakusema ni soda tu. Mikono ya mke wake haikusimama hata mara moja. Iliendelea kuchukua nywele, kugawa, kupitisha, kukaza. Alipomaliza kusema, mikono bado ilikuwa inaendelea.

"Kaa," msusi akasema, kitana kikiwa bado mdomoni.

Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Kidole kikaanza kuwasha. Akanyoosha mkono kutafuta vitana, vyote vilikuwa safi. Akavisafisha tena. Upande wa pili wa kichaka ulikuwa ukipungua, mstari baada ya mstari, na mteja asiye na masikio alikuwa ameinamisha shingo upande ili asikose hata pumzi. Aliyewahi kumwacha mtu na nusu kichwa sasa alilazimika kukaa na kutazama jinsi mtu anavyomaliza kichwa kizima kabla ya kwenda kwenye jambo lake mwenyewe, hata jambo likiwa zito namna gani.

Mwishowe msusi alichoma ncha za nywele, akazichovya kwenye maji ya moto, akampa mteja kioo.

"Umependeza. Nenda salama, na masikio yako uondoke nayo."

"Mama, mimi sikusikia kitu," mteja akasema. Mlangoni akageuka. "Lakini karanga ni karanga, na soda ni soda," akatoka upesi.

Msusi alinawa mikono. Aliikausha polepole kwa taulo ambalo mume wake alikuwa amelifua.

"Ile ya bwana harusi, nilijua kwa kugongewa ukuta," alisema. "Ya kuuza televisheni yetu, nilijua nilipofika nyumbani nikakuta meza tupu. Ya simu ya kaka yako, niliambiwa na mke wake sokoni, mbele ya watu. Kila jambo lako mimi nimelisikia kwa majirani, baba. Nilikuwa nikiona watu wawili wamesimama wananitazama, moyo unaruka."

Kinyozi alivipanga vitana upya, kimoja kimoja.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia kutoka kwako, kabla ya mtu yeyote." Alifikiri kidogo. "Ukimtoa yule asiye na masikio." Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichokuwa na maji ndani yake, akaketi kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Nilimwambia dada yule nataka asiyeteleza. Nilikuwa naomba nini, sijui. Hata mimi jana nilimwambia mteja nywele za bandia zimebaki, nikijua zimeisha."

"Kwa hiyo chumba..."

"Sitakuwa nakuona. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Hapa nakuona. Kule kuna ukuta."

"Ukuta unagongwa," kinyozi akasema. "Mara moja chai. Mara mbili mtoto. Mara tatu haina kazi."

Msusi alimtazama.

"Mara tatu, kidole," akasema mumewe. "Sihitaji uje na maneno. Gonga tu unijibu, nijue kuna mtu."

Msusi alivua ufunguo shingoni. Hakumpa, alitoka nao, naye akamfuata. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likagoma, kisha likakubali. Mlango wa kijani ukafunguka.

Hakuna kilichokuwa kimeguswa. Shuka lilikuwa bado limetupwa juu ya mkono wa kiti. Mashine ilikuwa imelala juu ya kopo la poda. Sakafuni, kuzunguka mguu uliofungwa waya, zilikuwa zimelala nywele za bwana harusi: upande huu zile alizozikata yeye, upande ule zile alizozikata mke wake. Panya hawakuwepo.

Kinyozi akachukua ufagio. Alikuwa ameanza kukusanya nywele zile kwenye rundo moja mtu alipochungulia mlangoni, mwenye ndevu za wiki mbili na uso wa mshangao.

"Mmefungua?"

"Kesho asubuhi," msusi akajibu, akikung'uta shuka. "Leo tunamalizia mteja wa zamani."

Yule mtu alitazama kiti kitupu, akatazama sakafu, akaelewa. Walimsikia akicheka mpaka ng'ambo ya barabara.

Msusi aliweka ufunguo kwenye rafu chini ya kioo, kando ya spiriti, akarudi upande wake. Kinyozi alibaki na ufagio. Akatazama kioo, akatazama kidole chake, akausogelea ukuta na kugonga mara tatu.

Upande wa pili kiti kilianguka. Miguu ikakimbia, na mke wake akatokea mlangoni na kitana mkononi, macho yamemtoka.

"Nini? Kimekuwaje?"

"Hakuna. Nilikuwa najaribu kama inasikika."

"Wewe!" Alimrushia kitana. "Utaniua na moyo! Ukinigongea tena kwa kujaribu, narudi na kufuli!"

Aliondoka akilalamika mpaka ndani ya saluni yake, na malalamiko yakaendelea kusikika kupitia ukutani, yakapungua, yakageuka kuwa ule wimbo wake wa chini chini. Kinyozi aliokota kitana, akakitazama kwenye mwanga, akakichovya kwenye spiriti. Alikuwa bado anakikausha aliposikia ukuta umegongwa, mara moja.

Akafunga kopo la spiriti, akaenda kunywa chai.